Gitaa la Ndolo na Hesabu ya Kilichobaki

Kijiwe chetu kilikuwa benchi moja la mbao na kreti mbili za soda zilizopinduliwa, mbele ya kibanda changu cha kutengeneza redio, Machakos mjini, karibu na msikiti. Mzee Abdulghani aliweka jiko lake la makaa upande wa kivuli na kuuza kahawa ya tangawizi. Kila aliyenunua kikombe alipewa na methali juu yake, bure, mara nyingi methali isiyohusiana na chochote. Ukoo wake ulitoka pwani zamani sana, naye aliamini methali zote ni mali ya ukoo. Jumamosi ninayoisimulia ilikuwa mwaka 2001, mvua za Novemba zimepumzika kidogo, na benchi lilikuwa limejaa kabla jua halijakausha matope, kwa sababu ya gitaa la Ndolo.

Ndolo tulimwita Solo. Alikuwa kijana wa Masii, mkulima wa maharagwe siku za wiki na mpiga gitaa siku za harusi. Bendi yake ilikuwa na mpiga ngoma, mpiga besi, na mwimbaji mmoja, Kasiva, binti wa shangazi yake, aliyeshona suruali katika kiwanda kimoja kule EPZ Athi River, eneo la viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje. Huyo tulimwita Target, maana kiwandani walipewa idadi ya suruali za kumaliza kila saa, na neno hilo lilikuwa limemkaa mdomoni hata akiomba sukari. Walikuwa wamepiga kwenye harusi na harambee mpaka wakachoka kuambiwa tu kwamba wanajaribu. Hatimaye mama mmoja muuza kaseti wa Nairobi, Mutindi, alituma ujumbe kwamba atapita Machakos Jumamosi hiyo baada ya saa nane mchana, akielekea Kitui, awasikilize. Akipenda, atawarekodi.

Sasa shida. Wiki hiyo hiyo gunia la mahindi lilikuwa limeangukia gitaa juu ya keria ya basi, shingo ikavunjika. Ndolo alilipeleka nyumbani Masii alifikirie. Mama yake akakuta mti mkavu jikoni wakati wa mvua, akamshukuru Mungu, akautia motoni. Shingo ya gitaa ikapika muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, na inasemekana muthokoi ule uliiva vizuri.

Laban, seremala wetu, ndiye aliyechonga shingo mpya. Tulimwita Pima, kwa kuwa alipima hata mkate kabla ya kuukata. Alichukua spoki za baiskeli akazikata vipande kumi na viwili, akavipigilia kukatiza shingo, vile vyuma ambavyo mpigaji anabana uzi nyuma yake ili sauti ipande. Asubuhi hiyo alilileta gitaa limefungwa kwa shuka, akalifunua mbele yetu.

– Piga tusikie, akasema.

Ndolo akapiga uzi bila kubana. Ukalia vizuri. Akabana chuma cha kwanza, cha pili, cha tatu, akipanda. Kasiva alikuwa amekaa kwenye kreti, akaanza kuimba ngazi ile pamoja naye, kisha akanyamaza.

– Hiyo si noti, akasema. Hiyo ni mbuzi anakohoa.

– Rudia, Laban akasema.

Ndolo akarudia. Mbuzi akakohoa tena.

– Mimi nimepima na rula ya chuma, Laban akasema. Kutoka hiki mpaka hiki, na hiki mpaka hiki, zote sawa sawa. Hakuna hata unywele mmoja umezidi. Kama kuna kitu kimekosea, ni masikio yenu.

Ndolo aliliweka gitaa magotini akalitazama kwa muda.

– Ile ya zamani haikuwa hivi, akasema polepole. Huku juu nafasi zilikuwa kubwa. Zikienda upande wa tumbo, zinabanana.

– Na hukuniambia?

– Ulisema wewe ni fundi.

– Nilikumbuka hata mimi zilikuwa zimebanana, Laban akasema. Nilidhani ni uzee. Nilidhani zimesogea.

– Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Mzee Abdulghani akasema, akimimina.

– Mzee, hapa kilichovunjika ni shingo, Ndolo akasema.

– Ndiyo hiyo hiyo. Shika kahawa.

Niliwauliza kama hawawezi kuazima gitaa lingine, hata la kuangalizia tu. Ndolo akasema alikwenda kanisani jana. Katekista amemwambia gitaa la Bwana halitapiga ngoma za baa. Na hata angempa, lile ni dogo, shingo yake fupi, ukinakili nafasi zake utakosea tu. Kwa hiyo ilikuwa hivi: tulijua vyuma lazima vibanane vikishuka, lakini vibanane kiasi gani, hakuna aliyejua. Na mgeni wa Nairobi alikuwa njiani.

Ndipo kijiwe kikaamka. Watu wakianza kubishana pale kwetu, hata makaa huwaka vizuri.

Mzee Abdulghani alianza.

– Hiyo iko wazi. Sauti ni kama punda wa maji. Akitoka mtoni ana nguvu, anapiga hatua kubwa. Akifika katikati ya mlima wa Iveti amechoka, hatua zinakuwa fupi. Huku juu sauti ni mbichi, huku chini imechoka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

– Lakini huku chini ndiko sauti inakuwa kali zaidi, Ndolo akasema. Punda akichoka hapigi kelele zaidi.

– Hujawahi kufuga punda wewe.

– Ni vidole, Laban akasema. Wale watu wa kwanza kutengeneza gitaa walipima na mkono wao. Wakaanza na kidole gumba, kipana, wakaja cha shahada, wakamaliza na kidole kidogo. Nafasi zikafuata vidole.

– Gumba linashika nyuma ya shingo, Ndolo akasema. Hata halionekani.

– Ndiyo maana hamwelewi. Linaficha siri.

– Nyinyi nyote hamjawahi kufanya kazi kiwandani, Kasiva akasema, akasogeza kreti karibu. Mimi nitawaambia. Mtu wa gitaa anaingia asubuhi, ako na nguvu, anaacha nafasi kubwa kubwa, anapiga mluzi. Saa tano supavaiza anapita, anamwambia uko chini ya target. Anaanza kubana. Saa tisa bado kuna vyuma vingi na mti unaisha. Anabana zaidi. Jioni anaziweka kama meno. Kesho yake gitaa linauzwa hivyo, linapendwa, na mpaka leo dunia yote inafuata makosa ya mtu mmoja aliyeogopa supavaiza.

Tulicheka, lakini Laban hakucheka. Alitazama ile nadharia kwa heshima, kama mtu aliyeonyeshwa kiungo kipya cha meza.

Na mimi nilikuwa na yangu. Nilichukua redio kutoka mezani kwangu nikawaonyesha uso wake, pale penye namba za stesheni.

– Angalieni. Upande huu namba zimeachana. Upande huu zimebanana. Ni kitu kile kile. Sauti kutoka Nairobi inakuja imetawanyika, ikifika Lukenya inagonga vile vilima, inabanwa. Hata huku mjini kwetu inafika ikiwa imekunjika. Gitaa ni redio isiyo na betri.

– Na gitaa likiwa Mombasa? Ndolo akauliza.

– Huko wanatumia vilima vingine.

Tukiwa hapo akatokea Mwalimu Aloys na mfuko wa sukuma wiki. Alikuwa amefundisha hesabu shule ya upili mpaka akastaafu, na tulimwita Logi, kwa zile logarithimu alizosomesha. Kila Jumamosi alikunywa kikombe kimoja mwishoni mwa benchi, akatoa maoni juu ya matokeo ya mpira kwa kutumia uwezekano, akakosea, akaenda nyumbani. Kwa hiyo hatukumpisha kwa heshima kubwa. Kasiva ndiye aliyemsogezea nafasi.

– Keti, mwalimu. Tunatafuta kwa nini vyuma vinabanana.

Tulimweleza wote kwa pamoja: punda, gumba, supavaiza, Lukenya. Alisikiliza yote bila kukata neno. Kisha akauliza swali ambalo hatukuwa tumeuliza.

– Kwani zote zimeharibika? Hakuna hata moja iliyo sawa?

Ndolo akapanda tena ngazi, Kasiva akaimba naye. Cha kwanza kilikuwa chini. Cha pili chini zaidi. Katikati palikuwa pabaya kabisa. Kisha vikaanza kupona kidogo kidogo, na chuma cha kumi na mbili, cha mwisho, pale shingo inapoingia tumboni, kikalia sawa. Kasiva akatikisa kichwa kukubali.

– Hiki ni sawa. Hiki ni ile sauti ya kwanza, tu imepanda juu.

– Pima hapo, Mwalimu akamwambia Laban.

Laban akanyoosha rula kutoka kichwani mwa gitaa mpaka chuma cha mwisho, halafu kutoka chuma hicho mpaka pale uzi unapofungwa tumboni. Akapima mara ya pili. Akaniita nishike upande mmoja, akapima mara ya tatu.

– Ni nusu, akasema. Ni nusu kabisa ya uzi. Na mimi sikukusudia. Niliweka tu pale shingo inapoingia tumboni.

– Nusu ya uzi inatoa sauti ile ile, lakini ya juu, Mwalimu akasema. Akaweka mfuko wa sukuma chini. – Ndolo, sasa hiyo nusu iliyobaki, ibane tena katikati. Hapo tumboni hakuna chuma, tumia kitu.

Ndolo akachukua kijiko cha Mzee Abdulghani, akakikandamiza juu ya uzi katikati ya ile nusu. Akapiga. Kasiva akafungua mdomo kabla sauti haijaisha.

– Ni ile ile tena. Imepanda mara ya pili.

– Mruko ni ule ule? Mwalimu akauliza. – Sikilizeni vizuri. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili, na kutoka ya pili kwenda ya tatu, ni mruko mmoja?

Ndolo akapiga zote tatu. Zilikuwa wazi kama mtu anayepanda ngazi mbili sawa.

– Ni mmoja, Kasiva akasema.

– Lakini tazameni uzi. Mruko wa kwanza umekula kipande kirefu hivi. Wa pili umekula nusu yake tu. Sikio linasema sawa, rula inasema si sawa.

Laban alikuwa ameshika rula hewani kama amesahau kuishusha.

– Kwa hivyo sikio halihesabu kipande, Mwalimu akaendelea, na sauti yake ilikuwa imeanza kwenda mbio. Linahesabu sehemu. Kwetu Mumbuni kulikuwa na mtu alikuwa na shamba kubwa. Kila mwaka anauza sehemu moja ya kumi ya lile lililobaki. Mwaka wa kwanza aliuza kipande kikubwa, wanunuzi wakaleta trekta. Mwaka uliofuata kidogo zaidi. Miaka ilivyokwenda, akawa anauza mahali pa kuegesha baiskeli. Lakini ukimuuliza, atakwambia kila mwaka ninauza kiasi kile kile, moja ya kumi. Hivyo ndivyo vyuma. Kila kimoja kinakula sehemu ile ile ya uzi uliobaki. Uzi ukiwa mrefu kinakula kirefu. Ukiwa mfupi, kifupi. Lazima vibanane.

– Kwa hivyo hakuna supavaiza? Kasiva akasema, kwa huzuni kidogo.

– Sehemu gani sasa? Ndolo akauliza. Alikuwa amesimama. – Moja ya ngapi, mwalimu? Hiyo ndiyo Laban anataka.

– Tunajua vyuma ni kumi na viwili. Na tunajua ukimaliza kula, lazima nusu ibaki. Tafuteni sehemu ambayo ukiitoa hivyo mpaka chuma cha mwisho, inabaki nusu.

Niliingia ndani nikatoa kikokotoo changu, kile kidogo cha kutumia mwanga. Tukakilaza benchini juani, vichwa vyote juu yake mpaka tukakizibia jua kikazima, tukarudishana nyuma.

– Jaribu fungu la kumi, Laban akasema. Hilo hata Mungu analitambua.

Nilitoa moja ya kumi, na tena ya kilichobaki, na tena, Kasiva akihesabu vidole ili nisipitilize. Ilibaki robo na kidogo.

– Tumekula sana, Ndolo akasema. Punguza. Moja ya ishirini.

Nikarudia. Safari hii ilibaki nusu na zaidi, zaidi kiasi cha kuonekana.

– Tumekula kidogo.

– Kwa hivyo ni hapa katikati, Kasiva akasema. Kati ya kumi na ishirini, lakini karibu na ishirini. Nipe hiyo kitu.

Alininyang'anya kikokotoo. Vidole vyake vilizoea cherehani, vilibonyeza haraka kuliko nilivyoweza kufuata. Moja ya kumi na tano: ikabaki chini ya nusu. Akasonya. Watu waliokuwa wakipita kwenda sokoni walianza kusimama. Mmoja akauliza kama ni mchezo wa bahati nasibu, mwingine akamjibu ndiyo, nao wakaanza kupendekeza namba.

Wakati huo Mwalimu Aloys alikuwa ameinama pembeni, akiandika kwenye udongo kwa msumari wa Laban. Nilimwona akiandika logi ya mbili. Hakutazama popote, ilimtoka kichwani, kama mtu anayeandika jina la mtoto wake. Akaigawanya kwa kumi na mbili. Akafuta, akagawanya tena, midomo ikitembea.

– Kumi na nane, Kasiva akasema. Ngoja. Ngoja kwanza.

Akabonyeza, akabonyeza. Alipofika mwisho alikigeuza tukione wote. Ilikuwa nusu, na kitu kidogo sana nyuma yake.

– Ni kumi na nane, akasema. Kila mara, moja ya kumi na nane ya kilichobaki.

– Mimi nimepata kumi na saba nukta nane, Mwalimu akasema kutoka chini.

Tuligeuka. Alikuwa amepiga magoti kwenye udongo, na namba zake zilikuwa zimezunguka mpaka mguu wa jiko. Hakuna aliyemwambia Kasiva, na hakuna aliyemwambia Mwalimu. Wamepita njia mbili, wamefika mlango mmoja. Kilikuwa kitu kidogo, najua, lakini mwili ulinisisimka. Mzee Abdulghani akaweka birika chini.

– Kidole kimoja hakivunji chawa, akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue methali yake ilikaa mahali pake.

Mwalimu alinyanyuka, akaketi benchini, akapewa kikombe.

– Miaka yote niliyofundisha logi, akasema, kila mwaka kuna mtoto mmoja aliuliza: mwalimu, hii itanisaidia nini? Kila mwaka.

– Na ulikuwa unamjibu aje? Kasiva akauliza.

– Nilikuwa namwambia: mtihani.

Alicheka, lakini macho yalikuwa na maji. Ndolo akamshika bega. Mimi nikaangalia redio zangu.

– Sasa kumi na saba nukta nane au kumi na nane kamili? Laban akauliza. Yeye alikuwa ameshaanza kung'oa spoki kwa koleo.

– Ya mwalimu ni sahihi zaidi, Kasiva akasema. Yangu ilibakisha kidogo.

– Basi nafuata ya mwalimu. Niambieni vipimo kimoja kimoja. Na hakuna mtu aguse meza yangu.

Tulihamia kwenye karakana yake iliyokuwa mlango wa pili. Aliziba mipasuko ya zamani kwa gundi na unga wa mbao, akaisugua. Mimi nilitaja vipimo, Mwalimu alivihakiki, Kasiva alivihakiki tena. Laban aliweka alama kwa ncha ya kisu maana penseli, alisema, ni nene mno kwa kazi hii. Kazi ilikuwa polepole. Kila nilipotazama nje, kivuli cha msikiti kilikuwa kimesogea.

– Haraka haraka haina baraka, Mzee Abdulghani akasema mlangoni, ameleta kahawa.

– Mzee, Ndolo akasema, naomba. Leo usiseme hiyo.

Laban alipopigilia chuma cha mwisho, nafasi zilikuwa zimepangika kama Ndolo alivyozikumbuka, pana juu, nyembamba kuelekea tumboni. Na kwenye mti yalibaki makovu ya vyuma vya kwanza, mistari myeusi isiyo na kazi, katikati ya mipya. Laban aliyatazama.

– Hayo makovu yataonekana, akasema.

– Wacha yaonekane, Ndolo akajibu.

Alifunga nyuzi, akazikaza. Akabana chuma cha kwanza. Kasiva aliimba. Sauti mbili zikakaa moja juu ya nyingine kama mikono iliyopeana salamu. Cha pili. Cha tatu. Alipofika katikati, pale palipokuwa na mbuzi, alisita kidogo, kisha akapiga. Hapakuwa na mbuzi. Kasiva alicheka katikati ya noti bila kuiacha. Chuma cha saba kilikuwa kinavuma kama nyuki, Laban akakipitishia tupa mara mbili, kikatulia. Mpiga ngoma na mpiga besi walikuwa wamefika tangu saa sita, wameketi kama watu wanaosubiri hospitalini, na sasa wakakimbilia vyombo vyao bila kuambiwa.

Mama Mutindi alifika wakati wanapiga wimbo wa pili. Hakujitambulisha. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, kitambaa cha bluu kichwani, amebeba funguo za gari mkononi. Alisimama nyuma ya watu wa sokoni waliojaa mbele ya kibanda changu, akasikiliza wimbo wote, akasikiliza nyingine mbili. Ndolo alikuwa amefumba macho. Vidole vyake vilishuka mpaka chini kabisa kwenye vyuma vilivyobanana, vikarudi juu, na kila mahali palikuwa na sauti inayotarajiwa. Nilimwona Laban akihesabu kimya kimya, akitikisa kichwa kila chuma kilipoitika.

Walipomaliza, Mama Mutindi alipita katikati ya watu.

– Nani anawasimamia?

– Hakuna, mama, Ndolo akasema. Sisi wenyewe.

– Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi, muwe Nairobi. Studio nalipa mimi. Nyimbo hizo tatu na nyingine tatu. Msichana, unaweza kuja?

– Niko na kazi EPZ, Kasiva akasema. Lakini nitabadilishana zamu na mtu. Nitakuja.

– Uje na sauti hiyo hiyo. Na hilo gitaa msilibadilishe. Halilii kama la dukani, lakini linalia kweli.

Ndolo akalikumbatia gitaa. Mpiga ngoma alitoka mbio kumwambia mtu fulani upande wa pili wa barabara. Mzee Abdulghani akampa mgeni kikombe na kukataa pesa, jambo ambalo sikuwa nimeliona kabla.

Sasa kila mtu alitaka kumweleza. Laban alimwonyesha makovu kwenye shingo, hapa nilikosea, hapa nilirekebisha. Mimi nilimwonyesha kikokotoo. Mwalimu alimpeleka mpaka kwenye udongo wenye namba, nusu yake zimekanyagwa, akamweleza mtu wa Mumbuni na shamba lake, sehemu moja ya kilichobaki, logi ya mbili, kumi na mbili. Alieleza vizuri. Nadhani hajawahi kueleza vizuri hivyo darasani. Mama Mutindi alikunywa kahawa yake, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza mambo mawili matatu, na ilionekana ameelewa.

– Kwa hivyo uzi haujui pa kusimama, akasema. Lazima uuwekee chuma mahali pake, na kupajua mahali pake ni hesabu.

– Ndiyo hivyo, Mwalimu akasema.

– Na huyu? Akamwonyesha Kasiva kwa kidevu. – Huyu ameimba ngazi ile ile, na mimi sijasikia akikosea. Kooni kwake hakuna vyuma. Anajuaje pa kusimama?

Mwalimu Aloys aliinamia tena namba zake za udongo. Laban alishika rula yake, akaitazama, akaiweka chini. Mzee Abdulghani alitafuta methali, tukamwona akitafuta, na haikuja.

– Kasiva, Ndolo akasema, huwa unajua aje?

– Sijui, Kasiva akasema. Nafika tu.

Sote tukamtazama shingoni. Alijifunika kwa mkono, akaona haya, akacheka. Mwalimu akasogea karibu naye kwenye benchi, akainamisha kichwa, akamtegea sikio.

– Imba tena, akamwambia. Polepole.